Lango la Mama Vyungu

Juzi hapa Kakoba, mtaa wa Mbarara, nilipeleka kompyuta yangu kwa fundi. Akaifungua mbele yangu, akaipuliza kwa ile mashine yake ya upepo, na vumbi lililotoka humo likanigonga puani. Vumbi la zamani, lililochomwa na moto wa ndani, linanuka kama nywele zilizopita karibu sana na jiko. Nikacheka. Wala si kucheka kwa adabu, nilicheka mpaka nikashika meza ya watu.

"Nyabo, nini?" fundi akauliza, nyabo ndivyo wanavyomwita mwanamke hapa. "Ni mimi nakuchekesha?"

Nikamwambia hapana, ni harufu tu, imenikumbusha bibi yangu. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza ni bibi wa namna gani huyo aliyekuwa ananuka waya. Sikumweleza. Ningeanza kumweleza, asingefunga duka siku hiyo.

Bibi yangu tulimwita Koko, kama wanavyoitwa bibi na babu kwetu Kivu Kusini. Tulimzika Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi tulikokulia, juu kidogo ya kanisa, na miaka imepita. Enzi zake alikuwa na macho mabovu, masikio makali, na ulimi usiojua Sabato. Kaka yangu Bahati, mjukuu wake wa kwanza, Koko alimwita "bwana yangu". Mimi aliniita "muke mwenza", na akinikuta nimekalia kiti chake anapiga kelele kwa majirani kwamba mke mwenza amekuja kumfukuza kwa bwana. Ndiyo desturi, bibi huwatania wajukuu hivyo. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na kwa muda mrefu niliamini kweli kwamba mimi na Koko tuna kesi.

Bahati wakati huo alikuwa anajifunza ufundi wa kompyuta hapa Mbarara. Likizo moja ndefu, mwenye duka alimruhusu aondoke na kompyuta moja nzee, aendelee kujifunza kuifungua na kuifunga nyumbani, kwa sharti moja: likizo ikiisha, mashine irudi. Ilifika Rubondo kwa boda. Ile televisheni yake nzito ilikuwa imefungwa kwa mipira ya baiskeli nyuma ya dereva, na Bahati yuko kwenye boda ya pili, amekumbatia sanduku lake kama mama aliyetoka kujifungua. Dereva alishuka ameshika kiuno.

"Banange, hii kitu ni mzito!" akasema. "Mumeweka mawe ndani?"

Mama akaondoa Biblia na thermos mezani, akaacha kitambaa chake cha kufuma, na kompyuta ikakaa juu yake kama mgeni wa harusi. Umeme hatukuwa nao. Bahati alikuwa na betri ya gari, na kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga kinanda Jumapili, wazee wa kanisa walimkubalia kuichaji kwenye sola ya kanisa. Betri ikijaa anaileta kwa toroli, anaiunganisha na kile kisanduku cha kubadilisha umeme, kisanduku kinaanza kunguruma, na harufu ile ya vumbi la moto inajaza nyumba. Betri ikikaribia kuisha, kisanduku kinalia: tiiiii. Mpaka leo nikisikia kitu kinalia hivyo, hata kama ni simu ya mtu kwenye basi, moyo wangu unashuka.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na mchezo mmoja. Ulikuwa mzee hata wakati ule, picha zake vimraba vimraba, muziki wake kama nyuki ndani ya kopo. Jina liliandikwa kwa Kiingereza, hatukujihangaisha nalo. Sisi tulichoona ni mtu mmoja mfupi mwenye kaptula, tumbo limemtangulia, na kiatu mguu mmoja tu. Kile kingine alikuwa nacho mkononi, ndiyo silaha yake. Anakirusha, kinampata kuku, kuku anaanguka miguu juu, halafu kiatu kinarudi chenyewe mkononi. Tulimwita Kitambi. Kitambi alikuwa anatembea tu, kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka madimbwi, anainamia kuku wanaoruka chini chini, anawakimbia mbuzi wenye hasira, anaokota mikate. Ukimwacha bila kumbonyeza anachoka kukungoja. Anakaa chini, anavua kiatu, anakikung'uta kijiwe, anakinusa, anazirai. Haki, tulimwacha makusudi ili azirai. Riziki, mtoto wa jirani, rika langu, alikuwa anabingirika sakafuni kwa kicheko utadhani ni mara ya kwanza.

Riziki ndiye alikuwa na vidole. Mimi nilikuwa na mdomo. Yeye anacheza, mimi namwambia anavyokosea.

Kitambi akigongwa na mbuzi alikuwa anaota mabawa, anapaa juu, kisha anarudi na bandeji kichwani. Hapo palileta maneno. Mama yake Riziki alikuwa mama wa maombi kanisani, na siku moja alipita mlangoni akatusikia tunapiga kelele, "Amekufa! Amefufuka!" Akasimama, mikono kiunoni.

"Nani amefufuka humu?"

Riziki akajificha nyuma yangu. Kitambi peke yake ndiye aliyeendelea na muziki wake.

"Mwenye kufufuka ni mumoja," akasema. "Huyo wenu, museme analala."

Basi tangu siku ile Kitambi hakufa tena katika Rubondo nzima. Alilala. "Amelala! Ameamka! Weee, amelala tena!" Wapita njia walidhani tunalea mtoto mchanga.

Ubaya wa mchezo ule ulikuwa mmoja, na ulitosha: haukuwa na kumbukumbu. Ukifika mbali namna gani, kisanduku kikilia tiiiii na kioo kikawa cheusi, Kitambi anasahau yote. Kesho anaanza tena kwenye dimbwi la kwanza, anatabasamu kama hajawahi kupata shida duniani. Nililia machozi ya kweli. Riziki alipiga meza, na Bahati akampiga Riziki kwa ajili ya meza. Tukaapa hatuugusi tena ule upuuzi, na kesho yake tukawa mlangoni mwa kanisa tunaangalia sola kama watu wanaongoja ugali uive.

Koko alikuwa anakaa nyuma yetu kwenye mkeka, anachambua maharage kwa vidole, maana macho hayakumsaidia sana. Yeye mchezo aliusikiliza. Siku moja akauliza kwa nini ule muziki unarudi kila mara palepale pa mwanzo.

"Ni kwa sababu anaanza tena, Koko," nikamwambia. "Kila siku anaanza tena."

"Na alibeba nini?"

"Hana kitu. Ana kiatu kimoja."

"Hee! Kiatu moja, hana kitu, anaanza tena." Koko akatikisa kichwa. "Basi ni mukimbizi mwenzetu huyo."

Alisema kwa utani, naye alijichekea mwenyewe. Lakini mimi, mtoto wa watu, nililimeza neno lile zima zima. Kitambi ni mkimbizi. Na mkimbizi anayetembea kila siku upande mmoja anakwenda wapi, kama si kwao?

Sasa, mwisho wa njia ya Kitambi kulikuwa na lango. Mbele ya lango alikaa mama mzee kwenye kigoda, kitambaa kichwani, na pembeni yake vyungu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Tulimwita Mama Vyungu. Ukimkaribia tu, anachukua chungu, anakurushia, paa! Ukiruka, chungu kinakukuta hewani. Ukimrushia kiatu ndiyo unaharibu kabisa. Anavimba, anakuwa mwekundu, anarusha kwa mikono miwili. Hakuna aliyepita, hata Bahati aliyesoma. Na juu ya lango, nyuma kabisa, kulionekana milima ya bluu, na chini ya milima maji.

"Kule nyuma ya mulango iko nini?" Koko aliuliza jioni moja.

"Kuna milima, Koko. Na ziwa."

Mikono yake ikatulia ndani ya maharage. "Milima yenye kushuka mpaka ku mayi?"

"Ee. Inashuka mpaka majini kabisa."

"Basi ni kwetu pale."

Koko alitoka kijiji cha ziwani, upande wa Fizi. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni, sikumbuki chochote, kwa hiyo kwetu nilikujua kwa mdomo wake tu. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa kijani, na mti wa mawese mbele, na ndugu yake mdogo wa kike alibaki pale kwa kuwa alikataa kuacha mbuzi. Na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, hiyo ndiyo ilikuwa hadithi isiyoisha. "Kwetu sahani bila ndagala si sahani," alisema. "Hata mwizi akikuja kwako, kwanza unamupa ndagala, ndiyo unaita watu." Rubondo ndagala walikuja mara chache, wakiwa wakavu, kwa mama mmoja mchuuzi aliyetoka Burundi, na siku hiyo Koko alikuwa anaimba.

Jioni ile akaongeza neno moja, sauti imepungua kidogo. "Siku atapita pale, muniite. Ninataka kuona nani alibakia."

Jamani. Toka siku hiyo mchezo haukuwa mchezo tena kwangu. Nilikuwa na kazi ya kumfikisha Koko kwao. Usiku nilimuuliza mlango ni kijani cha namna gani, cha majani ya muhogo au cha ndizi mbichi, ili nisipitilize nyumba. Alinijibu kila swali bila kucheka. Leo sijui kama alikuwa anaendeleza utani, au naye alipenda tu kuulizwa.

Likizo ikakimbia kama kawaida yake. Ikafika Jumapili ya mwisho. Kesho yake asubuhi boda ingekuja kuchukua kompyuta, Bahati arudi Mbarara, na Kitambi aende zake. Betri nayo ilikuwa imetumika kwenye kinanda kanisani, haikujaa. Bahati akaiunganisha, akatuambia, "Hii ndiyo ya mwisho. Ikizima, imezima."

Nikamvuta Koko mkono, nikamkalisha karibu kabisa na meza. Mama alikuwa jikoni anapika chakula cha kumuaga Bahati, mlango uko wazi, na harufu ya mafuta ya mawese inaingia na kuchanganyika na vumbi la moto. Riziki akacheza siku ile kama mtu aliyepakwa mafuta na mchungaji. Madimbwi akayaruka, mbuzi akawapita, mikate mingine akaiacha kabisa, na kuacha mkate Riziki hakuwahi. Tukafika langoni, na Kitambi hajalala hata mara moja.

Mama Vyungu akanyanyua chungu. Paa! Kitambi akalala. Akarudi na bandeji. Paa! Akalala tena. Ilibaki nafasi moja, maana akilala mara ya tatu unaanza upya toka dimbwi la kwanza. Riziki akaondoa mikono kwenye vibonyezo, akajifuta jasho kwenye kaptula. "Haiwezekani," akasema. "Huyu mama hapitiki."

"Nini inavunjika vile?" Koko akauliza.

"Ni vyungu, Koko. Mama mzee anamtupia Kitambi vyungu."

"Kitambi alimufanya nini?"

"Hakumfanya kitu! Anapita tu."

Koko akageuza kichwa. "Anapita? Mbele ya muzee? Hasalimie?"

Riziki akacheka. "Koko, ni mchezo huu."

"Muchezo ya batu gani haina salamu? Ndiyo maana anatupiwa vyungu! Hata mimi ningetupa. Ningetupa na sufuria." Alikuwa amekasirika kweli, si mchezo. "Anajua kuinama, huyo mutoto?"

Anajua. Kulikuwa na kibonyezo cha kuinama, cha kuwakwepa kuku. Nikamweleza kwamba tumeinama mbele ya yule mama mara nyingi. Tunainama, chungu kinapita juu, tunainuka tukimbie, na cha pili kinatukuta usoni.

"Hiyo ni kukwepa," Koko akasema. "Unainuka, muzee hajakujibu? Nani alikufundisha? Ainame, na abaki pale chini mpaka mwenyewe amalize."

Riziki akaniangalia. Nafasi moja imebaki. Akanisogezea kiti kama mtu anayekabidhi maiti. "Cheza wewe," akasema, "nisije nikalaumiwa."

Nikaweka kidole. Kitambi akasogea, Mama Vyungu akanyanyua chungu, nikabonyeza, Kitambi akainama. Chungu kikapita juu. Mwili wangu wote ulitaka kuinuka. Na hapo nyuma yangu Koko akaanza kusalimia, kwa sauti, taratibu, kwa niaba ya Kitambi.

"Jambo, mama. Ulilala salama?"

Paa, nyuma ya Kitambi.

"Batoto bazima? Na bwana? Na ule mugonjwa wenu, anaendelea?"

Paa. Kidole kilianza kuuma. Riziki alikuwa amefunika uso na anachungulia katikati ya vidole.

"Mvua ilinyesha kwenu? Mihogo ilitoka muzuri? Mbuzi zilizaa?"

Tiiiii, kisanduku kikalia.

"Koko, harakisha!" nikapiga kelele. "Betri inaisha!"

"Salamu haiharakishwi," akasema Koko. "Na bale ba ng'ambo, mulipata habari yabo?"

Paa. Kisha kimya. Nikaangalia pembeni ya kigoda: hakuna chungu. Sikuwahi kujua vile vyungu vinaweza kuisha, hakuna aliyewahi kukaa pale chini muda huo wote. Mama Vyungu akapapasa, akakosa. Akasimama, akajikung'uta mikono, akajishika kiuno, akamtazama Kitambi. Halafu akageuka akafungua lango.

Riziki alipiga yowe ambalo mama yake alilisikia kwao. Bahati alikuja mbio kutoka uani. Mimi sikupiga yowe, nilikuwa nimemshika Koko mkono kwa nguvu. "Tunaingia, Koko. Tunaingia kwenu."

Kitambi akaingia langoni, mwenyewe, bila kubonyezwa. Milima ikasogea, ikasogea, ikapotea upande wa kushoto. Ziwa likapotea nayo. Pakabaki ua, na nyumba ndogo, na mlango. Mlango mwekundu. Kitambi akaingia, akakaa mezani, akavua kile kiatu kimoja. Mama Vyungu akaja nyuma yake, akavua kitambaa kichwani, akamwekea sahani, akamkwaruza kichwa kwenye bandeji. Kumbe alikuwa mama yake! Maneno ya Kiingereza yakaanza kupanda, na Bahati akacheka, akasema ndiyo mwisho, hakuna kingine.

"Unaona nani?" Koko akauliza.

Machozi yalikuwa yameshafika. Hakuna mti wa mawese, hakuna ndugu yake, mlango si wa kijani hata kidogo. Nilikuwa nimemwahidi mtu mzima kumfikisha kwao, nimemleta kwenye nyumba ya watu.

"Milima imepotea, Koko," nikasema. "Ni nyumba tu. Kitambi amekaa na mama yake. Amepewa chakula."

"Chakula gani?"

"Kitu cheupe. Kama bugali."

"Na ndagala?"

Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo na nywele zikanisimama kwa ule umeme wake. Nikatafuta sahani nzima. "Hakuna ndagala, Koko."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Eh!" Koko akajipiga paja, akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega, mpaka Riziki naye akaanza bila kujua anacheka nini. "Basi si kwetu! Unalilia nini sasa, muke mwenza? Ni kwabo bale. Bakule salama. Zima kile kitu."

Hakuna aliyekizima. Kisanduku kilimaliza tiiiii yake, kioo kikameza Kitambi na mama yake na sahani yao, na nyumba ikawa na mwanga wa kawaida wa jioni. Mama akaita kutoka jikoni, tukanawa mikono, Bahati akaombea chakula na akaombea na safari yake, akarefusha kama mtu anayemringia mchungaji. Nilipofungua macho niliangalia sinia katikati yetu. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na pembeni, kwenye bakuli la mgeni, ndagala wamekaangwa kwa mafuta ya mawese, wengi, wanang'aa, vichwa vyao vyote vinanitazama.

Nikamvuta Koko nguo. "Koko," nikanong'ona. "Hapa kuna ndagala."

"Nimeziona," akasema Koko, mtu ambaye kwa miaka hakuwa anauona hata mlango. "Kula."